Kufuli la wote na mlinzi mmoja



Kila mara mtu anapofungua barua yake kwenye intaneti, au anapotazama akiba yake ya benki kwa simu, liko kufuli dogo linalofanya kazi bila kuonekana. Kufuli hilo halikufuliwa kwa chuma. Ni programu, maana yake ni maagizo yaliyoandikwa na watu ili kompyuta iyafuate. Kazi yake ni kugeuza maneno yetu kuwa fumbo, yasisomwe njiani na mtu asiyehusika. Watu wa Lubumbashi na Bukavu wanalitumia sawasawa na watu wa Paris na Chicago.

Je, nani alilitengeneza kufuli hilo? Nani analilinda? Na mlinzi huyo, nani anamlipa? Wengi wetu twadhani ni serikali fulani au kampuni yenye mali nyingi. Sivyo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na watu wachache wasiojulikana, na wengine wao hawakupata mshahara. Habari yao yafaa ielezwe, kwa kuwa inatufundisha jambo linalohusu kila mali ya wote: mlango ulio wazi kwa watu wote si sawa na mlango unaolindwa.

SHAURI LA MWALIMU KERCKHOFFS

Zamani wafalme na majemadari walipotumiana barua za siri, hawakuficha maneno tu, walificha hata namna yenyewe ya kuyaficha. Walidhani kwamba adui asipojua namna hiyo hataweza kitu. Mwaka wa 1883 mtu mmoja aliwapinga. Jina lake ni Auguste Kerckhoffs. Alizaliwa Uholanzi, akawa mwalimu wa lugha huko Ufaransa. Katika gazeti la mambo ya jeshi aliandika kwamba namna ya kuficha maneno isitegemee kufichwa kwake yenyewe. Hata ikianguka mikononi mwa adui, isilete hasara. Kitu cha kufichwa ni ufunguo tu.

Tufikiri kidogo, tutaona kwamba alisema kweli. Fundi yeyote anajua kufuli la mlango linavyofanya kazi ndani yake, lakini hawezi kuingia nyumbani mwako kama hana ufunguo wako. Ufunguo ukipotea, unanunua mwingine. Lakini kama ulinzi wako wote ni siri moja inayojulikana na askari mia, siku mmoja wao atakapoisema umekwisha kupotea, nawe hujui.

Basi, kutokana na shauri hilo na mengine, wataalamu wengi wa siku zetu wanapendelea programu za ulinzi zilizo huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa mbele ya watu wote. Kila mtu anaweza kuyasoma, kuyanakili, kuyasahihisha, na kuitumia programu bila kulipa. Watu walisema: Macho ni mengi, kwa hiyo hakuna kosa litakalofichika. Shauri hilo ni jema. Lakini lina sharti moja ambalo watu walilisahau: macho hayo yawe yanatazama kweli.

KUFULI LINAZALIWA

Mwaka wa 1995 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kanuni za kulinda mazungumzo ya kompyuta mbili kwenye intaneti. Kanuni hizo ziliitwa SSL. Wakati ule sheria za Marekani zilikataza kupeleka nje ya nchi mafumbo yenye nguvu, maana yalihesabiwa kama silaha. Programu zilizouzwa ng'ambo zilipewa funguo fupi, rahisi kuvunjwa. Lakini sheria ya Marekani haikumfunga mtu wa Australia. Huko Eric Young alianza kuandika programu yake mwenyewe ya kutimiza kanuni zile, na Tim Hudson alimsaidia. Waliitoa bure kwa kila mtu aliyeitaka.

Mwaka wa 1998 wawili hao waliingia katika kazi nyingine, na programu yao ikabaki kama shamba lisilo na mwenyewe. Ndipo watu wachache wa Ulaya walipokusanyika kwa njia ya barua-pepe, wakaishika kazi na kuiendeleza. Mwezi wa Desemba mwaka ule walitoa toleo la kwanza na kuliita OpenSSL.

Programu hiyo ilienea upesi mno. Benki ziliichukua, na maduka, na hospitali, na serikali, na makampuni makubwa ya kompyuta. Iliwekwa katika mashini ambazo watengenezaji wake hawakuzijua wala hawakuziona. Hapana aliyeomba ruhusa, maana ruhusa ilikwisha tolewa kwa wote. Na karibu hapana aliyeuliza swali hili: Watu hawa ni wangapi, na wanakula nini?

TAREHE 7 APRILI 2014

Sasa tusikilize jinsi hatari ilivyoingia.

Kompyuta mbili zinapozungumza, mara nyingine moja yataka kujua kama mwenzake angali yupo. Mafundi wakaongeza desturi ndogo katika OpenSSL. Ya kwanza inasema: Nirudishie neno hili NDIZI, lenye herufi 5. Ya pili inajibu: NDIZI. Basi, inajulikana kwamba wote wawili wapo.

Lakini yule aliyeandika sehemu hiyo hakuweka agizo la kuhesabu herufi zenyewe. Mashini iliamini tu hesabu iliyoambiwa. Mtu mbaya akasema: Nirudishie neno hili NDIZI, lenye herufi 64,000. Nayo mashini ikarudisha NDIZI, kisha ikaendelea kujaza jibu kwa maneno yoyote yaliyokuwa karibu katika kumbukumbu yake: majina ya watu, maneno yao ya siri, hata funguo zenyewe za kufuli. Tena haikuacha alama yoyote katika daftari za kawaida kwamba imeibiwa.

Sehemu hiyo iliandikwa na mwanafunzi mmoja Mjerumani aliyejitolea kusaidia. Mwenzake mmoja wa OpenSSL aliitazama kabla ya kuikubali, naye hakuona upungufu. Iliingizwa usiku wa mwisho wa mwaka 2011, ikatolewa kwa watu wote mwezi wa Machi 2012. Ilikaa miaka miwili mbele ya macho ya dunia nzima. Maandishi yalikuwa wazi. Kila mtu aliweza kuyasoma, na kila mtu alidhani mwingine ameyasoma. Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwishoni kosa lilionekana na mtaalamu mmoja wa Google, na mbali naye likaonekana pia na wataalamu wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini. Tarehe 7 Aprili 2014 lilitangazwa. Likapewa jina Heartbleed, yaani moyo unaotoka damu. Ilihesabiwa kwamba karibu nusu milioni ya seva zenye ulinzi zilikuwa na ufa huo. Nchini Kanada ofisi ya kodi ilifunga huduma zake za intaneti siku kadhaa katika majira yenyewe ya kulipa kodi. Hata hivyo namba za bima ya jamii za watu kama 900 zilikuwa zimekwisha kuibiwa. Kuziba ufa wenyewe kulihitaji mistari michache tu ya maandishi, lakini mafundi wa dunia nzima walikesha wakibadilisha funguo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HESABU INAFUNULIWA

Hapo ndipo watu walipouliza juu ya watu wa OpenSSL, na jibu likawaaibisha wengi.

Steve Marquess, aliyeshika mambo ya fedha ya kazi hiyo, alitoa hesabu mbele ya watu. Sadaka zilizotolewa na watu kwa OpenSSL zilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Fedha nyingine zilipatikana kwa kufanya kazi za mikataba kwa makampuni, nazo zilikula saa za kazi ya ulinzi. Programu ilikuwa na mamia ya maelfu ya mistari migumu. Na mtu aliyefanya kazi hiyo siku zote, bila kazi nyingine, alikuwa mmoja tu: Stephen Henson wa Uingereza. Marquess alisema kwamba walitakiwa angalau watu sita.

Tuyapime maneno haya. Fikirini daraja la kamba juu ya mto mkubwa. Wafanyabiashara wanapita na mizigo yao, na askari, na wagonjwa wanaobebwa hospitalini, na watoto wa shule. Anayekaza kamba ni mzee mmoja, na kwa mwaka mzima wapitaji wote pamoja wamempa mbuzi mmoja. Siku kamba inapokatika, wanamlaumu mzee. Je, wamhukumu kwa haki? Kosa la fundi ni kosa, nasi hatulikani. Lakini kosa la wapitaji ni kubwa kuliko lake.

Tena neno moja. Upungufu haukuwa wa fedha tu. Watu wa OpenSSL walikuwa hawana kanuni zilizoandikwa juu ya kupokea kazi ya mgeni, wala ratiba ya matoleo, wala shauri moja la namna ya kutangaza hatari. Kila mmoja alikaa kwao, akifanya alivyoweza. Mtu akiwapa fedha siku hiyo, wasingekuwa na baraza la kupanga matumizi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa kazi ya wote isiyo na kanuni.

FEDHA ZINAKUJA, NA SWALI LINGINE

Tarehe 24 Aprili 2014, wiki mbili na siku chache baada ya habari ile, makampuni makubwa zaidi ya kumi, kama Google, Microsoft, Facebook, Amazon na IBM, yalikubali kutoa kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Fedha hizo zilikabidhiwa kwa Linux Foundation, zigawiwe kwa kazi zinazotumiwa na wote. OpenSSL ilipata mishahara ya mafundi wawili. Mwaka huohuo watu wake waliandika kanuni: kazi isiingizwe bila kupitiwa na mwenzako, na hatari zitangazwe kwa utaratibu uliojulikana.

Lakini siyo wote waliotaka kungoja. Watu wa OpenBSD, waliosimamiwa na Theo de Raadt, walisema kwamba nyumba imeoza na haitoshi kuipaka chokaa. Wakayachukua maandishi ya OpenSSL, wakakata makumi ya maelfu ya mistari isiyofaa, wakaanzisha programu yao LibreSSL. Google nayo ilianzisha yake, BoringSSL, na kusema wazi kwamba imetengenezwa kwa mahitaji ya Google yenyewe. Jambo hilo linaruhusiwa katika programu huria, na lina faida yake: fundi asiyeridhika hakai kama mateka, anaweza kuondoka na nakala. Lakini lina gharama pia. Walinzi waliokuwa wachache wanagawanyika katika malango matatu.

Labda msomaji mmoja atauliza: Kama matajiri wanalipa, je, hawatakuwa mabwana wa kufuli? Swali hilo ni la busara. Anayetoa chakula husikilizwa, hata asipoinua sauti. Dawa yake siyo kukataa fedha, kwa maana mlinzi mwenye njaa ananunulika kwa urahisi zaidi. Dawa yake ni fedha zitoke mikononi mwa wengi, na anayetoa asiwe yeye peke yake anayeamua. Mwaka wa 2024 watu wa OpenSSL waliigawa kazi yao kwa vyama viwili, kimoja cha kuwatumikia wafanyabiashara na kingine cha kuwatumikia wasio wa biashara, kila kimoja na washauri wake. Tutaona matunda yake kadiri miaka inavyopita.

FUNDI WA UJERUMANI

Kuna mfano mwingine, nao una mwisho wa kupendeza. Werner Koch, Mjerumani, alianza mwaka wa 1997 kuandika programu ya kuficha barua, GnuPG. Waandishi wa habari waliitumia kulinda watu wanaowapasha mambo ya hatari. Mafundi wa dunia nzima waliitumia kutia sahihi programu zao, ili anayezipokea ajue kwamba hazikubadilishwa njiani. Lakini Koch mwenyewe aliishi kwa shida pamoja na jamaa yake. Mapema mwaka wa 2013 alitaka kuiacha kazi. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Edward Snowden, Mmarekani, alifunua jinsi serikali zinavyosikiliza mazungumzo ya watu. Koch akaona kwamba huu si wakati wa kuondoka.

Mwezi wa Februari 2015 shirika la habari la ProPublica la Marekani lilieleza hali yake. Kwa siku chache tu sadaka zilimiminika. Kampuni mbili, Facebook na Stripe, ziliahidi dola 50,000 kwa mwaka kila moja, na watu wadogo wakaongeza zao. Lakini lililo bora lilikuja baadaye. Kampuni yake ndogo ilipata kazi ya malipo kutoka kwa watumiaji wakubwa, na mwaka wa 2022 Koch aliwaandikia wafadhili wake kwamba fedha zinatosha sasa, wapeleke msaada wao kwa kazi nyingine zenye uhitaji. Mlinzi aliyelipwa kwa haki hakuwa mchoyo. Mwaka huohuo serikali ya Ujerumani ilianzisha mfuko wa kusaidia programu huria zinazobeba mambo ya wote, kama vile serikali inavyotengeneza barabara.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Je, baada ya Heartbleed dunia ilijifunza yote? Hapana. Makampuni yalitazama programu zenye majina makubwa, yakasahau ndogo zilizo chini yake. Mojawapo ni xz, programu ya kukaza mafaili yachukue nafasi ndogo. Mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, ambaye aliifanya kwa mapenzi tu, bila malipo.

Mwaka wa 2021 alitokea msaidizi mwenye jina Jia Tan. Alileta masahihisho mazuri, kwa upole na uvumilivu. Mwaka wa 2022 wakatokea wengine wasiojulikana, wakamlalamikia Collin: Kazi yako inachelewa, mpe mtu mwingine nafasi. Mwezi wa Juni aliwajibu kwamba amesumbuliwa muda mrefu na afya ya akili yake, tena kwamba kazi hii haina mshahara. Mwishowe akamkabidhi Jia Tan sehemu ya mamlaka. Ni nani angefanya vingine? Mtu aliyechoka anapopata wa kumpokea mzigo, hamwulizi sana habari za ukoo wake.

Mwezi wa Februari 2024 toleo jipya la xz lilitoka likiwa na mlango wa siri. Haukuwekwa katika maandishi ambayo wote huyasoma, ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio na ndani ya furushi lililotolewa kwa watumiaji. Mwenye ufunguo wake angeweza kuingia katika kompyuta za watu wengi duniani na kuziamuru. Lakini Andres Freund, fundi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Mwingine angepuuza. Yeye alifuatilia, akafunua maandishi, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla mlango haujafika katika mashini nyingi. Jia Tan hakuonekana tena. Ni nani hasa, haijajulikana hadharani. Collin mwenyewe alirudi, akaisafisha programu, na mwezi wa Mei akatoa toleo lililo safi.

Tazameni vizuri adui alipita wapi. Hakuvunja fumbo. Alipitia uchovu wa mtu mmoja aliyeachwa peke yake. Lakini tusisahau upande wa pili: Freund aliweza kufuatilia kwa sababu programu ilikuwa huria. Kama ingekuwa imefungwa, angeishia kulalamika tu kwamba mashini yake ni nzito. Basi uwazi haukudanganya. Uwazi ulimpa mtu nafasi ya kuona. Ila haukumtafuta mtu huyo, wala haukumlisha.

TUSEME NINI BASI?

Wako wanaosema: Tangu sasa asipokelewe mgeni. Hilo haliwezekani. Mwanafunzi aliyekosea mwaka wa 2011 na Jia Tan aliyedanganya walikuja kwa mlango uleule, mlango wa wanaojitolea, na kwa mlango huo walikuja pia wema wote waliojenga programu hizi. Ukiufunga, yule mlinzi mmoja atabaki peke yake hata kufa. Wengine wanasema: Turudi kwenye kufuli za siri za kampuni moja. Nao wamesahau shauri la mwaka 1883.

Imani kati ya watu haitokani na maneno matamu, wala na kuandika tu kwamba kila kitu ni wazi. Inatokana na mambo matatu yanayokwenda pamoja. La kwanza, kazi ionekane na wote. La pili, wawepo watu wanaojulikana, wenye kanuni zilizoandikwa, ambao kila mmoja anapitia kazi ya mwenzake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. La tatu, watu hao wapate chakula chao kutoka kwa wale wanaofaidika. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayasimami. OpenSSL ya 2012 ilikuwa na la kwanza tu, na xz ya 2022 vilevile.

Nasi huku kwetu tuna mali za wote: kisima cha mtaa, daraja, sanduku la likelemba. Kila moja lina mtu anayelitunza. Mnamjua jina? Ni nani anayepitia hesabu zake, na ni nani atakayeshika kazi yake siku atakapougua? Ni afadhali kuuliza leo, kabla kamba haijakatika.